Muhuri Uliosomwa kwa Sauti

Siku waliyoniaga ofisini walinipa chupa ya chai, mashuka mawili na saa ya ukutani. Mstaafu anaifanyia nini saa ya ukutani sijui, maana siku hizi sina pa kuchelewa. Kabla sijatoka getini, binti aliyerithi meza yangu akanishika mkono akasema, "Mama Skola, tuandikie basi yale mambo yako ya nyaraka za watu wasioona, tusije tukaharibu." Kwa hiyo nimeketi hapa nyumbani Majimoto, kuku wananipitia miguuni, naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Za vyeo ni fupi mno, na za mishahara zinanipandisha presha.

Niliajiriwa mjini Mpanda, ofisi ya ushirika, kama mpiga chapa. Marehemu baba alikuwa mkulima wa mpunga, na hakuamini kazi yoyote inayofanywa kwa kukaa. Akaniuliza huko mjini nafanya nini hasa. Nikamjibu napiga chapa. Kwetu Majimoto kinachopigwa chapa ni ng'ombe, basi mzee akaenda kilabuni akatangaza kwamba binti yake kapewa kazi ya kupiga chapa ng'ombe wa serikali. Kwa miaka mingi kila nikirudi likizo wafugaji walinitazama mikono kwa heshima. Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bwana Kasonso, mkuu wa masijala, mtu mwembamba aliyevaa koti hata mwezi wa kumi, wakati Mpanda nzima inajipepea kwa magazeti. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kichwa cha waraka, alisema, kinaandikwa kwa herufi kubwa zilizoachana: unapiga M, unaruka nafasi, unapiga U, unaruka nafasi, mpaka MUHTASARI mzima unyooke kama askari kwenye gwaride. Pale pa kujaza jina unaweka nukta kutoka hapo ulipo mpaka ukingo wa karatasi. Na kichwa ili kikae katikati, unahesabu herufi, unagawa, ndipo unaanza kugonga. Mpaka leo nikiwa kanisani najikuta natafuta katikati ya ukuta wa altare.

Jambo la pili alilonifundisha ni muhuri. Aliutunza ndani ya kopo la biskuti lenye kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye mkanda wa suruali. "Barua isiyo na muhuri ni barua ya mapenzi," ndivyo alivyokuwa akisema. Naye alikuwa mtu wa vitendo. Alipokuwa anamchumbia mwalimu mmoja wa Sibwesa aliniomba nimpigie barua ya posa kwa taipureta, akaisaini, kisha akaanza kufungua lile kopo. Nikamwambia, "Mzee, hiyo hapana." Akaigonga muhuri. Yule mwalimu akakubali, na wakaishi vizuri tu.

Nawaeleza haya ili mjue nilikotoka. Kompyuta ilipokuja tuliifunika kitambaa cha kudarizi, nami nikaitumia kama taipureta yenye umeme. Kichwa nilikipeleka katikati kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi. Jedwali nilipanga kwa macho. Herufi ziliendelea kuachana na nukta ziliendelea kwenda ukingoni. Nikifika mwisho wa mstari na kengele ya taipureta isilie, nilijisemea "ting" mwenyewe ili mkono usichanganyikiwe. Nyaraka zangu zilikuwa nzuri, kila mtu alisema hivyo, na nilizitazama kama mtu anavyotazama mashuka yake kwenye kamba.

Halafu siku moja akaja Mama Konsolata.

Alifika kwa bodaboda kutoka Mishamo, vumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo nyeupe kwapani. Alikuwa mwenyekiti mpya wa chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi na maharage kule. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa Mishamo, kaolewa Mishamo, na uraia wa Tanzania wameupata. Macho yalimwacha akiwa mama wa watoto watatu, baada ya ugonjwa. Sauti haikumwacha. Alisimama mlangoni akauliza ofisi nzima, "Nani hapa anaandikaga zile barua?"

Nikasema mimi, tena kwa kujivuna kidogo.

"Ndiwe? Kaa chini, dada. Usikirize ulichonitumia."

Akatoa simu. Ilikuwa na ile programu inayosoma maandishi kwa sauti, sauti ya mwanamke ambaye nadhani Kiswahili alikisomea mbali. Akagusa, na waraka wangu mzuri wa mashuka ya kambani ukaanza kutoka. "M. U. H. T. A. S. A. R. I." Herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha: "Jina, nukta nukta nukta nukta nukta nukta." Ikaendelea hivyo mpaka mhudumu akaingia na chai, akamimina, akatoka, na nukta bado zinakuja.

Baadaye likaja jedwali la waliohudhuria. Mnajua desturi yetu: mheshimiwa tunamfupisha, Mhe., tunaweka nukta, tunaendelea na jina. Ile sauti haikujua desturi yetu. "Mhee," ikasema. "Diwani. Mhee. Katibu. Mhee. Mhee." Kwa kuwa safu nilizipanga kwa macho, majina yote yakatoka upande wao na waheshimiwa wakabaki peke yao, wakilia mfululizo. Mhudumu akarudi kuchungulia. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Bwana Malongo, afisa ushirika, bosi wangu, akauliza nani kaingiza mbuzi ofisini.

Mama Konsolata akageuza uso kule sauti ilikotokea. "Ni waheshimiwa wako hao, mkuu."

Tulicheka mpaka nikatokwa machozi, lakini nilipokuwa najifuta nikaona yeye hacheki tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameusikiliza waraka ule mara nyingi usiku akitafuta mahali palipoandikwa tarehe ya kuchukua mbegu, na hakupaona, na wanachama wake walichelewa mbegu. Nikaona aibu. Nilikuwa nimeandika tarehe ile kwa herufi nene nyekundu, nikaizungushia mstari, yote hayo kwa ajili ya macho.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Afisa wetu wa TEHAMA alinionyesha vitufe, lakini masikio yalikuwa ya Mama Konsolata. Yale aliyonifundisha ni haya, na nyie mliobaki myashike. Kichwa cha habari usikifanye kwa kukinenepesha tu. Kibonyezee kitufe cha vichwa kiwe kichwa kweli, kompyuta ikijue, ili asiyeona aruke kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyorusha macho. Jedwali litengeneze kwa kitufe cha jedwali, na mstari wa juu uambiwe kwamba ni wa juu. Nukta za kujazia ziacheni zipumzike kaburini pamoja na taipureta. Mheshimiwa andikeni mzima, kama mnamheshimu kweli. Na faili lipeni jina. Mama Konsolata aliwahi kupokea kutoka kwetu faili linaloitwa "Taarifa mpya ya mwisho kabisa hasa 2", akanipigia simu kuuliza kama kabla ya kabisa hasa kuna nyingine.

Si wasioona peke yao. Kulikuwa na mtunza stoo wa Sibwesa, uoni wake hafifu, aliyekuwa akipokea matangazo yetu ya maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe. Bosi aliipenda njano. Yule bwana akaja ofisini kutushukuru kwa karatasi safi tunazomtumia, akasema watoto wake wanazifanyia hesabu. Tukarudi kwenye nyeusi.

Njia ya kujipima ni moja: funga macho, weka spika za masikioni, usikilize waraka wako mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nafanya hivyo kila mchana baada ya chakula. Walioona mama mzima kafumba macho mbele ya kompyuta, kichwa kimeegemea ukuta, walikuwa na maelezo yao. Nikaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini nalala kazini. Nilijieleza, na barua ile nikaitengenezea vichwa vya habari vinavyosomeka.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa picha. Kila picha kwenye waraka inahitaji maelezo mafupi yaliyojificha nyuma yake, ili simu ikifika pale isiseme "picha" ikanyamaza, bali iseme kuna nini. Sentensi moja, mbili zikizidi. Bwana Malongo alipojua kwamba nyuma ya picha pana mahali pa kuandika maneno, macho yalimng'aa. Alikuwa Msukuma wa Inyonga, mtu mpole, lakini kwa itifaki alikuwa tayari kufa. Tukiwa na picha ya uzinduzi wa mizani ya maharage, akavuta kiti nyuma yangu akaanza kunitajia: mgeni rasmi kwa cheo chake kizima, wa kulia kwake, wa kushoto kwake, waliosimama kwa mujibu wa nafasi zao, wawakilishi wa taasisi, viongozi wa dini zote bila kubagua, na mwisho, "itifaki imezingatiwa."

"Na mizani, mkuu?"

"Mizani ipo," akasema. "Inaonekana."

Tukautuma hivyo hivyo, maana bosi ni bosi. Mama Konsolata akapiga simu kesho yake. "Dada, ile picha nilianza kuisikiriza nikibandika maharage. Maharage yameiva, mgeni rasmi hajafika kwenye kiti. Kulikuwa na nini hapo?"

"Mizani."

"Basi sema mizani."

Bwana Malongo nilipompelekea maneno hayo alisononeka kama aliyenyimwa kiti harusini. Aliamini kabisa kwamba anamheshimu msikilizaji kwa kumpa majina yote.

Sasa niwaeleze mkutano mkuu, ambao ndio ulionifanya nikubali kuandika.

Makamu wa Mama Konsolata alikuwa anaitwa Stanslaus. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anakitaka kiti tu. Kwa miaka mingi, kabla hajawa makamu, yeye ndiye aliyekuwa katibu wa chama, na kila mkutano mkuu alisimama akawasomea wanachama taarifa kwa niaba ya mwenyekiti, sauti nzuri, koti la heshima, na katiba hakuna aliyeifungua. Mkutano wa kwanza chini ya Mama Konsolata ulipokaribia, akaifungua katiba ya chama akakuta kifungu: mwenyekiti atausomea mkutano taarifa ya mwaka. "Imesema atasoma," akawa anazunguka akiwaambia watu. "Haijasema atasomewa." Kama mwenyekiti hawezi kusoma taarifa yake, basi hajatimiza katiba, na mkutano uchague mwingine. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma, na huruma ndiyo iliyokuwa mbaya.

Mama Konsolata akaja tena ofisini. Safari hii hakupaza sauti. Akakaa kwenye kiti changu cha wageni, fimbo magotini. "Mama Skola," akasema, "nilipopofuka walinitolea mkeka, wakaniweka kwenye kivuli cha nyumba. Nakaa. Chakula kinakuja, nakula. Watu wanapita wananisalimia kama mtu wa kwenye picha. Nilikaa hapo mpaka nikachoka kukaa. Hiki kiti nimechaguliwa wakijua sioni. Nikikitoka kwa sababu ya karatasi, ni mkeka tena." Akanigusa mkono. "Niletee taarifa inayosomeka. Nitaisikiriza kwa sikio moja, nitaitoa kwa mdomo. Mengine niachie."

Niliogopa siku ile kuliko siku nilipoanza kazi. Niliitengeneza taarifa kama ninavyomfunga mjukuu mgongoni. Vichwa vyote vilijulikana, majedwali yalikaa sawa, waheshimiwa waliandikwa wazima. Niliisikiliza nimefumba macho, nikairekebisha, nikaisikiliza tena. Kisha nikaipeleka kwa Bwana Malongo aiidhinishe, naye akafanya kama afisa yeyote wa Mpanda anavyofanya akipewa faili la kompyuta: akalichapisha, akalisaini, akafungua lile kopo la biskuti aliloachiwa na Bwana Kasonso, akaligonga muhuri, kisha akaliskani lirudi kwenye kompyuta. Akamtumia Mama Konsolata yeye mwenyewe, kwa nia njema.

Simu yangu ikalia. Hakusema hata habari za saa hizi. Aliiweka ile sauti isikike, nayo ikasema, "Picha." Ikanyamaza. "Picha." Ikanyamaza. Kurasa zote za taarifa zilikuwa picha ya karatasi, na picha haisomeki, hata iwe picha ya maneno.

Nikaenda kwa bosi nikiwa nimewaka. "Mkuu, umemtumia ukuta mtupu. Hakuna neno hata moja mle ndani. Mpe ile yangu niliyoandika."

"Ile yako haina muhuri."

"Muhuri ndio umeiua."

"Mama Skola." Alivua miwani, akaifuta taratibu. "Stanslaus namjua. Huyu mayu, huyu mama yetu, akisoma kitu kisicho na muhuri, kitu cha kwanza atauliza, uko wapi muhuri? Atasema katunga kichwani. Mimi namlinda."

Hapo nikakaa, maana alikuwa na haki. Sote wawili tulikuwa tunamlinda, kila mtu kwa upande wake, na katikati yetu mama wa watu alikuwa anavutwa mikono. Kopo la biskuti lilikuwa wazi juu ya meza, na muhuri umelala ndani kama mgonjwa. Nikautazama, nikamfikiria Bwana Kasonso na barua yake ya posa.

"Mkuu," nikasema, "kama picha inaelezwa, kwa nini muhuri usielezwe?"

Tukakubaliana hivi. Karatasi yenye muhuri apewe Stanslaus mkononi, aitazame kwa raha zake. Faili linalosomeka aende nalo Mama Konsolata, lakini mwishoni, mahali muhuri ulipogongwa, niandike kwa maneno muhuri ukoje, ili masikio yajue kile ambacho macho yanakiona. Nikaanza: hapa pana muhuri wa duara, wino wa bluu.

"Zambarau," akasema bosi.

"Bluu, mkuu."

Kidau chetu cha wino kilikuwa kimeongezewa wino wa kila aina tangu enzi za taipureta. Tukatoka nje kuutazama muhuri juani. Dereva akaitwa, akasema kijani. Dereva akarudishwa kwenye gari. Mama muuza vitumbua wa getini akasema rangi hiyo kwao wanaiita bluu ya msiba. Tukaafikiana bluu inayoelekea zambarau. Likabaki suala la mkao, kwa sababu Bwana Malongo anagonga muhuri kwa mkono wa kushoto na muhuri wake daima unapinda. Nikaandika umepinda. Akakataa, akasema hawezi kupindishwa mbele ya mkutano mkuu. Nikamwambia sikio lisidanganywe. Akafikiri sana, akasema, "Weka umeinama." Nikaweka umeinama kidogo kushoto, maana kuinama ni adabu.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la chama, Mishamo. Nje baiskeli zilikuwa zimeegemeana mpaka huoni ukuta, ndani watu wamekaa kwenye mabenchi na kwenye magunia. Meza kuu ilikuwa na kitambaa, maua ya plastiki, diwani, Bwana Malongo na viongozi wengine. Mimi nilikaa pembeni. Stanslaus alikuwa kiti cha mbele na karatasi yake ya muhuri, kidole kiko tayari kwenye mstari wa kwanza.

Mama Konsolata akasimama. Kitenge kipya, spika moja sikioni, simu mkononi. Akagusa. Tukangoja. Halafu akaanza, na sauti ile ikajaza ghala mpaka kwenye bati. Alisikia sentensi, akaitoa, akasikia nyingine, akaitoa. Kidole cha Stanslaus kikawa kinashuka karatasini, neno kwa neno, na uso wake ukawa unashuka nacho. Mimi nikaanza kupumua.

"Mlango wa nyuma wa ghala umekarabatiwa," akasoma Mama Konsolata, "na vyandarua vya madirisha vimewekwa. Ujumbe mpya kutoka kwa Baba Kezia. Chumvi umeificha wapi?"

Kidole cha Stanslaus kikasimama. Ghala zima likasimama.

Mumewe alikuwa nyumbani na watoto, anapika chakula cha mkutano. Simu haikuchagua, ilisoma kilichoingia, naye alikuwa keshakitoa kabla hajakisikia vizuri. Nikatamani sakafu inimeze. Mama Konsolata, kwa sauti ile ile ya taarifa, akasema, "Iko juu ya kabati, nyuma ya debe la unga. Mtu mwenye baiskeri nzuri ampelekee jibu." Kijana mmoja akatoka mbio. "Tunaendelea. Mafanikio mengine."

Watu walicheka mpaka wa magunia wakateleza. Lakini Stanslaus alishasimama, karatasi juu. "Ndugu wanachama, chumvi haimo humu. Nimetafuta. Mmeona wenyewe: huyu hasomi, anasikiliza. Katiba imesema atasoma."

Kicheko kikafa. Ukaanza mnong'ono, na nikaona wale wa kutikisa vichwa kwa huruma wanaanza tena. Mama Konsolata akaigusa simu akaendelea kutoka pale pale, akamaliza mafanikio, akamaliza changamoto, akafika mwisho.

"Mwisho wa taarifa," akasema. "Hapa pana muhuri wa duara, wino wa bluu inayoelekea zambarau, umegongwa juu ya sahihi ya afisa ushirika. Umeinama kidogo kushoto."

Stanslaus akaitazama karatasi yake. Akainamisha kichwa kushoto kidogo ili auone vizuri, na wote waliokuwa nyuma yake wakainamisha vichwa kushoto pamoja naye.

Bibi mmoja wa kwenye magunia akanyanyua mkono. Alikuwa mwanachama tangu chama kianze, na kusoma hakujua. "Stanslaus, mwanangu," akasema, "huo muhuri upo hapo kweli?"

"Upo, bibi."

"Na umeinama?"

"Umeinama."

"Hata zile za miaka yote ulizotusomea wewe, zilikuwa na muhuri?"

"Zilikuwa nao zote."

"Mbona hukutusomea?" Bibi hakuwa anagombana, alikuwa anauliza tu. "Sisi tusiojua kusoma tulikuwa tunarudi nyumbani hatujui kama ni maneno ya serikali au ni yako. Huyu ametusomea mpaka muhuri. Kama wewe ulikuwa unasoma, basi huyu anasoma zaidi."

Kura zilipigwa kwa mikono. Mama Konsolata aliuliza mikono iko mingapi, na ghala zima likamjibu kwa pamoja, kila mtu na idadi yake, mpaka diwani ikabidi ahesabu upya. Alibaki na kiti chake, na Stanslaus alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikalia, kisha nikarudi kula wali. Chumvi ilikuwa imekolea.

Tangu hapo vyama vya huko vimejiwekea desturi ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Msomaji wa taarifa, hata awe na macho kama ya tai, akifika mwisho lazima ausome muhuri: rangi yake, duara au mstatili, na umeinama upande gani. Akisahau anakumbushwa na magunia. Nasikia afisa mmoja mgeni aliona ni utani akaruka, wakamwambia aanze upya kutoka ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo msishangae mkipigiwa simu ya kuulizwa rangi ya wino wenu. Jibuni kwa heshima, na kidau msikiongezee wino mwekundu.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunaandaa taarifa ya mkutano ule. Ilikuwa na picha moja, nzuri sana. Mama Konsolata kasimama, simu mkononi, mdomo wazi, na nyuma yake meza kuu nzima: diwani, viongozi, maua ya plastiki, Bwana Malongo katikati na suti yake ya kaki. Nikafungua pale mahali pa kuandika maelezo. Bosi akavuta kiti, akaketi nyuma yangu. Nikanyoosha vidole, nikavuta pumzi ndefu, maana hiyo meza ilikuwa imejaa.

Akaitazama picha muda mrefu.

"Andika," akasema. "Mwenyekiti anasoma."

Nikaandika. Nikangoja wa kulia kwake na wa kushoto kwake. Hawakuja.

"Na nyie wa meza kuu, mkuu?"

"Sisi tunasikiliza," akasema Bwana Malongo. "Weka nukta."